Bustani ya shughuli: soma umbo la doa kabla ya kununua mche

Kwenye nyumba nyingi za Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, uani ndiko kila kitu hufanyikia: sendofu, maulidi, arobaini, kipaimara cha mtoto, ngoma ya kumtoa mwali. Turubai linafungwa Ijumaa, viti vinashushwa, masufuria yanainjikwa, na Jumatatu mwenye nyumba anabaki na bustani iliyochakaa. Hapo hukimbilia kwa wauza maua wa barabarani kuomba mmea mgumu usiokufa. Muuzaji humpa alichonacho, na shughuli ijayo mambo hurudi palepale.

Hakuna mmea mgumu kwa kila kitu. Ukoka huvumilia miguu, lakini kivuli huumaliza. Masale hukaa kivulini miaka na miaka, lakini ukiyakanyaga yamekwisha. Kila kona ya uani hupata pigo lake, na mmea huchaguliwa kwa kuangalia pigo la kona hiyo.

Pigo hujulikana kwa umbo la doa. Zunguka asubuhi ukiwa na ndoo ya maji, koleo dogo na kipande cha nondo ya milimita 8. Madhara ya binadamu huwa na mpaka unaoonekana: duara ni moto au maji ya moto, mstatili ni turubai au zulia, mstari ni njia ya miguu, vidoa vidogo vilivyojipanga ni miguu ya viti. Madhara ya ukame, wadudu au ugonjwa hayana mpaka safi. Hufifia taratibu pembeni na mara nyingi hutokea hata pale ambapo hakuna aliyepita. Ukishaona umbo, tafuta hapa chini linalofanana nalo.

Njia ya udongo mtupu kutoka getini hadi kwenye chakula

Hili ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo linalotibiwa vibaya zaidi. Wageni hawatembei ovyo. Hutoka getini kwenda kwenye viti, kwenye viti kwenda kwenye chakula, kisha kunawa mikono na chooni. Watu mia mbili wakipita njia moja jioni nzima, udongo hushindiliwa: vinafasi vya hewa kati ya chembe hufungwa, mizizi hukosa pumzi, na maji husimama juu badala ya kuzama. Kwa hiyo unaweza kumwagilia kila siku na nyasi zisirudi.

Pima hivi. Mwagilia sehemu hiyo jioni, na kesho yake asubuhi sukuma nondo ardhini kwa mkono. Ikizama sentimita 10 bila kupigana nayo, udongo ni mzima na nyasi zimechubuka tu. Zipe maji na wiki mbili tatu za kupumzika. Ikigoma kwenye sentimita 3 au 4, usipande kitu kwanza. Chukua uma wa bustani, choma mashimo ya kina cha sentimita 10, kila baada ya upana wa kiganja, ukitikisa mpini kidogo ili udongo upasuke. Tandaza mboji au samadi iliyooza vizuri, unene wa sentimita moja, na uisukume iingie mashimoni kwa ufagio wa chelewa.

Kwenye udongo wa mfinyanzi usiongeze mchanga kidogo ukidhani utaulegeza, kwa sababu mchanga kidogo ndani ya mfinyanzi huzidi kuukaza. Kwenye mchanga wa pwani, kama ule wa Kigamboni, kushindiliwa si tatizo kubwa kiasi hicho. Huko visigino hung'oa nyasi kwa kuwa mchanga haushiki mizizi. Mboji ndiyo dawa pia, ila kazi yake pale ni kushika unyevu ili mizizi ishuke na kujifunga.

Mmea wa mahali hapa ni ukoka. Unatambaa juu ya ardhi na pia una vishina vinavyopita chini kwa chini. Wageni wakiumaliza wa juu, wa chini huchipua. Sharti lake ni jua kali, angalau saa sita kwa siku. Kwenye nyanda za juu, kama Nairobi, Limuru au Arusha, nyasi za kikuyu hufanya kazi hiyo vizuri zaidi; asili yake ni milima ya huku kwetu Afrika Mashariki, na baridi inazifaa. Ukizileta pwani, joto huzidhoofisha hata kabla ya mgeni wa kwanza kufika.

Na kama njia hiyohiyo imekuwa tupu baada ya kila shughuli, acha kupigania nyasi hapo. Weka mawe bapa au pevingi, upana wa mita moja na zaidi ili wawili waliobeba sufuria wapite. Iweke pale watu wanapopita tayari, hata kama wewe ulitaka wapite kwingine. Vivyo hivyo uwanja wa kucheza. Singeli ikipigwa mpaka usiku wa manane, hakuna jani la dunia hii litakalosimama chini ya miguu ile. Sehemu ya kuchezea ipewe mchanga uliotandazwa au sakafu, na nyasi zianzie pembeni yake.

Jambo moja huokoa bustani kuliko mbolea yoyote: usimwagilie asubuhi ya shughuli. Udongo uliolowa hushindiliwa haraka sana kuliko mkavu. Mwagilia kwa wingi siku mbili kabla, kisha acha. Ufyekaji pia umalizike siku mbili tatu kabla, na usikate mpaka chini kabisa kwa kutaka uwanja upendeze, kwa maana jani lililobaki ndilo litakalolisha mizizi baada ya wageni kuondoka.

Mstatili wa njano palipokuwa na turubai, zulia au jukwaa

Nyasi zimekosa mwanga na zimepikwa na joto. Fukua kidogo na ukague vishina. Vikiwa vyeupe na vigumu, nyasi ziko hai na zitarudi kuwa kijani. Vikiwa vya kahawia na vinavunjika, zimekufa na inabidi upande upya. Turubai la kivuli lililo juu kwenye nguzo halina shida kubwa kwa siku tatu. Zulia, jamvi la plastiki na mbao za jukwaa zilizolazwa moja kwa moja juu ya nyasi ndivyo vinavyoua, hasa kwenye jua la Januari na Februari. Yatolewe usiku uleule shughuli inapoisha, yasisubiri wenye nayo waje kuyachukua keshokutwa.

Nyasi zilizogeuka njano zipe maji peke yake. Watu wengi hukimbilia kumwaga urea ili zirudi haraka. Nyasi dhaifu haziwezi kuitumia, na urea ikizidi inaunguza. Subiri majani mapya yatoke kwanza.

Chini ya mwembe hapashiki kitu

Kila mtu anataka viti viwe chini ya mwembe, na kila mtu anataka pawe na nyasi hapo. Ukoka hautakubali. Jaribu nyasi za pemba, zile zenye jani pana na kishina kinene, ambazo ni za pwani yetu na huvumilia kivuli cha wastani kuliko ukoka. Ziache zirefuke kidogo, sentimita 5 hadi 7. Ukizifyeka hadi chini kivulini, zitaisha. Punguza pia matawi ya chini ya mwembe ili mwanga wa asubuhi na wa jioni uingie kwa pembeni.

Kama kivuli ni kizito, yaani saa sita mchana huoni hata vidoa vya jua ardhini, usitafute nyasi. Tandaza mchanga au kokoto ndogo, viti vikae hapo, na uzungushie masale kwenye ukingo. Wachaga huyaheshimu masale na huyatumia kuombea msamaha. Uani nayo yana faida nyingine: hustahimili kivuli, hayana miiba, na ukiyakata hutoa chipukizi pembeni. Mahali ambapo watu hupita wachache, ile karanga itambaayo yenye maua ya njano hufunika udongo vizuri kivulini, lakini haivumilii viti kuburuzwa.

Usije ukajaza udongo mpya juu ya mizizi ya mwembe ili kusawazisha uwanja wa viti. Mizizi mingi inayolisha mti iko karibu na uso wa ardhi, na ukiifukia kwa udongo mzito unaikosesha hewa. Mti utaonyesha madhara polepole, kwa matawi ya juu kukauka, pengine mwaka mzima baadaye, na hakuna atakayekumbuka chanzo. Chini ya mvinje hali ni nyingine: zile sindano zake hujitandaza na kuzuia nyasi, na kuzifagia kila siku hakusaidii sana. Ziache ziwe zulia lenyewe, ila mbali na moto.

Duara jeusi au la kijivu karibu na jiko

Hapa kuna visababishi vinne vinavyofanana kwa macho, na kila kimoja kina tiba yake.

Ukiona udongo umebadilika rangi na vipande vya mkaa vimejichanganya nao, ni moto wa mafiga. Mizizi imeungua. Ondoa udongo wa juu, sentimita 10 hivi, rudisha udongo mzuri na upande upya.

Ukiona tabaka la majivu, tatizo linaendelea hata moto ukishazimika. Majivu ya kuni yana magadi mengi na huharibu uwiano wa udongo yakirundikwa mahali pamoja. Yakusanye kwa koleo yakiwa makavu, kabla mvua haijayashusha. Kiganja kimoja kimoja ukikitawanya kwenye migomba au bustani ya mboga ni mbolea. Ndoo nzima mahali pamoja ni sumu.

Kama duara halina jivu wala mkaa, mimina kikombe cha maji. Yakikusanyika kwenye matone na kukimbia pembeni, hapo palimwagwa mafuta ya kukaangia. Mafuta huzuia maji kuingia. Chimba utoe udongo wote ulioloa, kwa sababu kuumwagia sabuni kunaongeza tatizo la pili juu ya lile la kwanza.

Maji yakizama vizuri na udongo hauna harufu, basi yalikuwa maji ya moto ya kuchujia wali au ya kuoshea masufuria. Huua majani na mizizi ya juu tu. Hili ndilo jepesi kuliko yote: ukoka wa jirani utalifunika doa lenyewe.

Kwa shughuli ijayo, wapishi wapewe mahali pao pa kudumu: tofali zilizopangwa juu ya mchanga, upande ambao upepo hautapeleka moshi kwa wageni, na shimo la maji machafu karibu. Wasipopewa shimo watamwaga kwenye maua, na huwezi kuwalaumu. Wana masufuria ishirini ya kushughulikia. Kuzunguka eneo hilo panda mshubiri, kwa kuwa una maji mengi ndani na haushiki moto kwa urahisi. Mchaichai ni mzuri kwa ukingo wa bustani na kwa chai ya wageni, ila majani yake makavu huwaka, basi uwe mbali na jiko.

Kingo za majani zimeungua, na udongo una ukoko mweupe

Ni chumvi. Chanzo cha kwanza pwani ni kisima chenyewe: visima vingi karibu na bahari hutoa maji ya chumvi, na kila unapomwagilia unaongeza kidogo. Chanzo cha pili ni siku ya shughuli, pale mapipa ya soda yenye barafu iliyotiwa chumvi yanapomwagwa mwishoni. Cha tatu ni maji ya sabuni ya kuoshea vyombo.

Kama ni la mara moja, mwagia maji mengi yasiyo na chumvi, ndoo baada ya ndoo, siku kadhaa, ili chumvi ishuke chini ya mizizi. Kwenye mchanga hili hufanikiwa haraka. Kwenye mfinyanzi, subiri masika isaidie. Kama ni kisima, kubali hali na ubadilishe mimea: nyasi za paspalam zinavumilia chumvi kuliko ukoka na zinafaa kukanyagwa. Kwa kivuli panda mkungu, mti uliozoea ufukwe, wenye matawi yaliyojipanga ghorofa kwa ghorofa. Utafagia majani makubwa, lakini utakaa kivulini mchana kutwa.

Vidoa vilivyokufa katikati, na pete ya kijani iliyokolea kuzunguka

Ni mkojo. Katikati nitrojeni imezidi ikaunguza, pembeni imekuwa mbolea. Hutokea kwenye kona yenye giza nyuma ya turubai. Mwagia maji mengi siku ileile. Kuzuia kwake ni kuwaonyesha wanaume choo kilipo na kuweka taa kwenye kona hiyo, kisha kupanda bogenvilia ukutani hapo. Ina miiba, haipendi kumwagiliwa mno, na ikikaa kavu kidogo ndipo hutoa maua mengi. Iwe kona ambayo watoto hawachezi.

Uzio umekauka upande mmoja

Uliza jenereta lilikaa wapi. Hewa ya moto ya bomba lake hukausha majani ndani ya saa chache. Mti wenyewe mara nyingi haujafa; kwangua gome la kitawi kwa ukucha, na ukiona kijani chini yake, pogoa palipokauka na usubiri.

Uzio ndio mahali ambapo sifa ya ugumu inawapoteza watu, na hapa naomba usikilize kwa makini. Mnyaa ni mgumu kweli: unasimika kijiti, kinaota. Lakini utomvu wake ukiingia machoni unaweza kupofusha. Kwenye shughuli ambapo watoto thelathini wanakimbizana na kuvunja vijiti vya kuchezea, mnyaa haufai. Aliyeingiwa na utomvu aoshwe jicho kwa maji safi mengi mfululizo na apelekwe hospitali bila kusubiri. Oleanda ina maua mazuri na haijali ukame, lakini kila sehemu yake ni sumu inayoshambulia moyo. Usiitumie kama kuni wala kijiti cha mishikaki, na mimi nisingeipanda kabisa kwenye nyumba ya shughuli. Mbono kaburi na mbarika nazo hustahimili kila kitu, lakini mbegu zake zikiliwa na mtoto ni hatari. Mchongoma unazuia mwizi na unachana kanzu na madera vilevile. Ukae nje ya eneo la viti.

Mti unanyauka miezi mingi baada ya sherehe

Kagua shina kwenye kimo cha kifua. Kamba ya turubai iliyofungwa kwa nguvu hukata gome, na chini tu ya gome ndipo chakula cha majani kinapopita kwenda mizizini. Gome likikatika mzunguko mzima, mti utakufa hata ukiumwagilia. Waya za taa zilizosahauliwa hufanya hivyohivyo taratibu, kadiri shina linavyonenepa. Fungeni turubai kwenye vigingi vya chuma. Ikilazimu kutumia mti, zungusheni gunia nene kwanza, na kamba itolewe siku hiyohiyo. Mwarobaini huhimili mengi, lakini nao hauna gome la pili.

Bustani ni nzima, lakini wageni wanaondoka wakijikuna

Watu hulaumu majani mengi. Mbu hutoka kwenye maji yaliyosimama, na chanzo kinachosahaulika ni yale matairi yaliyopakwa rangi na kupandwa maua. Ukingo wake wa ndani hushika maji ya mvua, na mbu aenezaye homa ya dengi anapenda hapo hasa. Dar es Salaam iliwahi kupata milipuko ya dengi mwaka 2014 na tena 2019. Toboa matairi sehemu ya chini, au yajaze udongo mpaka ndani ya ukingo. Kivumbasi na mrehani vipandwe, harufu yake inafurahisha, lakini kichaka kilichosimama tu hakifukuzi mbu wengi. Ni majani yaliyofukizwa ndiyo yanayosaidia. Kwa harufu ya usiku hakuna kinachoshinda asumini na mlangilangi. Viwekwe karibu na mlango wa kuingilia, pembeni ya njia, ili mgeni avipite bila kuvikanyaga.

Nyasi zinanyanyuka zikivutwa, hazina mizizi

Hii si kazi ya wageni. Fukua utakuta mabuu meupe yaliyojikunja, watoto wa mbawakawa, wanaokula mizizi. Waokote, kuku watakushukuru, na mwagilia sehemu hiyo ili mizizi mipya itoke.

Shughuli iko karibu na pameshaharibika

Wakati mzuri wa kupanda nyasi pwani ni mwanzo wa masika, Machi, au mwanzo wa vuli, Oktoba. Ukoka uliopandwa kwa vipande wakati wa mvua unahitaji wiki nane hivi kabla ya kukanyagwa na umati. Zikiwa pungufu ya hizo, usipande. Tandaza mchanga safi palipo patupu, nunua au azima mimea ya vyunguni, masale na mchaichai, uipange kwenye kingo za uwanja ili izuie watu wasikate njia mpya. Wageni wakishaondoka, vyungu vinarudi kivulini, nondo inashuka ardhini kupima, na upandaji unasubiri mvua.